Siku Viti Vilipotolewa kwa Maman Régine

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi, lakini ndilo alilolitumia Maman Régine aliposikia nimeacha kazi, na sijapata lingine. “Kumbe umeenda retraite mbele ya Papa Déo!” alisema, akacheka mpaka akashika ukuta. Papa Déo ni mume wake. Anakaribia sitini na bado anakwenda ofisini kila asubuhi na tai shingoni. Daktari wangu hakucheka. Alisema tumbo langu limezeeka kuliko mimi, na kwamba mtu anayeamka kabla ya jogoo kuwaza kama mtoto wa watu amekunywa maji yaliyochemka atafute kazi nyingine. Nimemtii. Sasa ninyi wawili, Aline na Patient, mmechukua nafasi yangu, na mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifanya. Mwanzo wa maandishi haya nimeufuta mara nyingi kiasi cha kuona aibu. Huu ndio niliouacha, na tayari siupendi.

Kazi yenyewe mnaijua. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanatoka nchi za mbali, wanakaa Bukavu muhula mmoja, wanasoma asubuhi, wanajitolea shuleni au kwenye vituo vya afya, na jioni wanarudi kulala kwenye familia iliyowapokea. Sisi tunatafuta familia, tunampeleka mgeni mlangoni, halafu tunabaki katikati mpaka atakapoondoka. Hakuna shule inayofundisha kazi hii. Mimi sikuwa hata na shule nyingine ya kujivunia: nilimaliza sekondari, nikaishia hapo. Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa redio na kwa vitabu vilivyochakaa vinavyouzwa chini kwenye soko la Kadutu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilijifunza kwa kusoma, kwa sababu cha nyumbani kwetu nilikiona kama nguo ya shambani. Siku hizi sikioni hivyo, lakini mkono umeshazoea.

Nilianza kwa bahati ya mtu mwingine kuugua. Mkalimani wao alikuwa hospitalini, mgeni alikuwa ameshafika, na jirani yangu alitaja jina langu. Usiku ule nilitunga hotuba kwa lugha tatu. Niling'arisha viatu, nikavipaka rangi tena asubuhi. Nilimpeleka mgeni, kijana mrefu mwenye kuinama kwenye kila mlango, mpaka Nguba, kwa Maman Régine, ambaye nilikuwa simjui. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagi. Nilisimama wima, nikaanza: “Maman, kwa heshima kubwa, ningependa kumtambulisha kwenu...”

“Iko na njaa?” akauliza.

“Maman, kwanza ningependa...”

“Nimekuuliza kama iko na njaa.”

Nilimuuliza kijana. Alikuwa na njaa. Hotuba yangu iliishia hapo, na sijawahi kuitoa tena popote.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, si ofisi. Alinifundisha kwamba ukitaka kujua nyumba kama itafaa, usiende saa mliyopatana, kwa sababu saa hiyo kila mtu amevaa vizuri na hata mbwa ameoga. Nenda wakati vyombo vinaoshwa. Utaona nani anaosha, nani anafokewa, na nani anakaa tu akingoja chai. Alinifundisha nisikubali kamwe chumba kizuri kuliko vyote, maana kiko karibu na salon, sebule yetu, na televisheni ya salon hailali. Alinifundisha kutembea na ndoo na kikombe. Maji ya Bukavu yanakuja yakitaka, kwa hiyo siku ya kwanza nilikuwa nikisimama katikati ya chumba, na nguo zangu zote mwilini, nikimwonyesha mgeni jinsi ya kuoga kwa nusu ndoo: kikombe cha kulowesha, sabuni, vikombe vya kusuuza. Walicheka. Lakini wale ambao niliona haya kuwaonyesha walimaliza maji ya familia nzima asubuhi moja, na hapo hakuna aliyecheka.

Na kufuli. Mpe mgeni kufuli la mlango wake, ufunguo mmoja wake, wa pili wa mama wa nyumba. Atauliza kwa nini mama awe na ufunguo. Mwambie ukweli: mama asiye na ufunguo wa chumba kilicho ndani ya nyumba yake mwenyewe anahisi ameitwa mwizi. Binti mmoja alibandika mlangoni karatasi ya kuomba asisumbuliwe baada ya chakula. Alitaka kusoma tu. Familia walidhani amepatwa na huzuni ya kutisha, wakaita kikundi cha sala cha mtaa, na binti alipofungua mlango kwenda chooni akakuta akina mama wamepiga magoti kwenye korido. Aliimba nao. Alifanya vizuri kuliko ambavyo mimi ningefanya.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na nadhani mtalikuta wenyewe. Kazi hii ni ya kuwapa watu familia, halafu wewe unarudi kwako. Kwangu ni chumba kimoja Ndendere, chenye dirisha moja. Mama yangu yuko mbali, ndugu zangu wametawanyika kila mmoja na migodi yake au ndoa yake. Familia zilinipenda, sisemi hapana, lakini zilinipenda kama mtu wa bureau, mtu wa ofisi. Mtu wa bureau anapewa chai akiwa amesimama. “Nsimire, haukaake kidogo?” wanauliza, huku mmoja ameshanifungulia lango, kwa sababu wanajua nina nyumba nyingine za kupitia. Mara kadhaa nimefika nje ya ukuta wa nyumba fulani, nikasikia ndani wanamcheka mgeni kwa jinsi alivyolitamka jina la chakula, naye anacheka pamoja nao, na nikabaki nje nikisikiliza. Nilijiambia nakagua. Sikuwa nakagua.

Sasa Chiara.

Alikuwa mgeni wa Maman Régine, kutoka kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia. Mama yake alifariki Chiara akiwa mdogo, baba yake alifanya kazi mjini, na aliyemlea ni bibi yake, ambaye alimwita nonna. Kila Jumanne alimpigia nonna simu, na nyumba nzima ya Maman Régine ilijua siku hiyo, kwa sababu nonna alikuwa hasikii vizuri na Chiara alilazimika kupiga kelele. Mabinti wawili wa Maman Régine walikuwa wakiiga zile kelele jikoni bila kuelewa neno hata moja. Nyumbani humo alikuwemo pia Koko, mama yake Papa Déo, bibi mwembamba mwenye fimbo, ambaye alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. Chiara alipenda kukaa naye. Walikuwa wakimenya viazi pamoja, Koko akiongea Mashi, Chiara akijibu Kiitaliano, na hakuna aliyeomba mkalimani.

Jumanne moja asubuhi simu ya ofisi ililia. Alikuwa baba yake Chiara. Nonna amefariki usiku, alisema, akiwa usingizini. Maziko ni Alhamisi asubuhi, huko kwao hawangoji. Simu ya Chiara haipatikani. “Mwambie sasa hivi,” alisema, “na umweke barabarani leo. Alilelewa na mama yangu. Ni lazima awepo.” Tiketi atanunua yeye. Nikamwambia ndiyo. Aliponiuliza kama ameeleweka, nikamwambia ndiyo tena.

Siku hiyo Chiara alikuwa Nyangezi, kwenye kituo cha afya, akisaidia kupima uzito wa watoto. Nilipiga hesabu kichwani jinsi ninavyopiga hesabu za kila kitu. Tukimfuata Nyangezi mara moja, tukarudi mjini, tukapita Nguba kuchukua begi lake, atavuka daraja la Ruzizi kuingia Rwanda kabla mpaka haujafungwa, atafika Kigali usiku, atapanda ndege ya alfajiri. Atamkuta nonna kabla hajazikwa. Akivuka kesho, hatamkuta. Ilikuwa hesabu rahisi. Nikakimbia Nguba kumwambia Maman Régine atayarishe begi.

Alinisikiliza, akakaa chini palepale kwenye ngazi ya mlango. “Nonna,” alisema. “Ule wa Jumanne.” Alimtuma binti yake kumwita Papa Déo kazini, na Papa Déo alikuja mbio, tai imeruka begani.

“Nani atamwambia?” aliuliza.

“Mimi. Nikifika tu.”

“Pale ku kituo? Mbele ya bamama na batoto?”

“Basi kwenye gari, Papa.”

“Nsimire.” Aliniangalia kama anayetafuta ni nani aliyenizaa. “Unataka umupatie mutoto kifo mu gari, sawa koli, sawa muzigo?”

Ninyi hamhitaji kuelezwa, lakini naeleza kwa sababu siku moja mtalazimika kumweleza mtu wa mbali, nanyi mtatafuta maneno kama mimi. Kwetu mtu haambiwi kifo njiani. Anaitwa nyumbani kwa sababu nyingine, sababu ndogo. Anafika, anapewa chakula, kwa kuwa akishajua hatakula. Wanaompenda wanakaa karibu yake. Halafu mkubwa wa nyumba anasema. Hivyo ndivyo nilivyoitwa baba yangu mwenyewe alipofariki: mimi niliambiwa mama ananihitaji kwa ajili ya mahindi, na nikala mahindi yale.

“Papa Déo,” nikasema, “mpaka unafungwa jioni. Maziko ni Alhamisi.”

Maman Régine ndiye aliyejibu. “Tutafanya mbio. Anafika, anakula kidogo, Papa anamwambia, anaenda. Begi itakuwa tayari. Bajirani njo nitawaita sasa, bakuye bakae.”

Nilifurahi, hiyo ndiyo aibu yangu. Niliona mpango ambao haumkosei mtu: baba atatii saa yake, nyumba itatii desturi yake, na mimi sitakuwa nimeharibu kitu kwa yeyote. Napenda mipango ya namna hiyo kuliko ninavyopenda watu wengi.

Tulikodi teksi, Papa Déo akakaa mbele. Barabara ya Nyangezi mnaijua baada ya mvua. Lori la mchanga lilikuwa limelala ubavu kwenye mpando, na tulingoja watu walisukume huku wakiimba na kutukanana kwa zamu. Nilitazama saa yangu mpaka dereva akaniambia, “Dada, ile saa utaichokesha.” Tulipofika, Chiara alitoka na kitenge alichofunga kiunoni na unga wa uji mkononi, akishangaa kutuona.

“Koko hajisikie muzuri,” Papa Déo alimwambia. “Anakuuliza.”

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ndogo. Aliichagua bila kufikiri, kama sote tunavyofanya: unataja mgonjwa ambaye kweli anaumwa kidogo.

Chiara hakuuliza lingine. Alichukua kapu lake na kupanda gari bila kunawa mikono. Ndani ya gari ndipo maswali yakaja. Amekohoa damu? Ameenda hospitali? Anaweza kuongea? Papa Déo alijibu kwa “hapana” na “kidogo” na “utaona”. Halafu tukiwa tumekaribia mji, Chiara alinigeukia.

“Dada Nsimire, simu yangu imekufa. Nipe yako. Leo ni Jumanne, nimpigie nonna. Nataka amwombee Koko.”

Nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia yunite za simu zimeisha. Papa Déo alikohoa, akatazama nje kwenye migomba mpaka migomba ikaisha.

Lango la Maman Régine lilikuwa wazi, na kutoka barabarani mtu aliona viti. Vyeupe vya plastiki, vya majirani na vya parokia, vimepangwa uani kufuata ukuta, na wanawake wamekaa juu yake, vitambaa vichwani, mikono mapajani. Chiara alikuwa ameishi nasi vya kutosha. Alikuwa ameandamana na Maman Régine kwenye vilio viwili vya mtaa, na alijua viti vinasema nini.

“Koko,” alisema.

Sikupata nafasi ya kufungua kinywa. Aliteremka gari kabla halijasimama vizuri, akakifungua kitenge chake, akakifunga upya kwa kukaza, kama alivyoona wanawake wanavyofanya, na akaingia moja kwa moja. Alipita katikati ya wale wanawake mpaka kwa Maman Régine, akapiga magoti, akamkumbatia miguu.

“Pole, Maman. Pole sana. Nilikuwa mbali. Nilichelewa.”

Alilia kwa sauti. Alilia vizuri, kama mtoto wa nyumba ile. Majirani wawili wakaanza kulia kwa sababu yake. Maman Régine alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, hajui aiweke wapi.

Ndipo Koko alipotokea kwenye mlango wa jikoni na fimbo yake, aje kuona ni nani analia.

Chiara alimwona. Aliruka. “Koko! Uko muzima!” Alikimbia, akamshika mashavu, akamshika mabega, akacheka huku kamasi zinamtoka, na nakumbuka kwamba mimi pia nilicheka kidogo, kwa sekunde moja, sijui kwa nini.

Koko hakucheka. Alimshika mikono yote miwili. “Niko muzima, mutoto yangu,” alisema. “Unisamehe.”

Chiara bado alikuwa akitabasamu alipoanza kutafuta. Alimtazama Maman Régine. Alimtazama Papa Déo langoni. Aliwatazama mabinti wawili. Mmoja wao alikuwa ametoka na sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza, kama tulivyopanga, na alikuwa amesimama nayo katikati ya uwanja. Wote walikuwepo. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshapokea begi lake mlangoni na nilikuwa nimelishika mbele yangu kwa mikono miwili. Alilitazama lile begi.

“Ni nonna?”

Papa Déo alisogea. Alikuwa ametunga maneno, nilimsikia akiyanong'ona tangu kwenye lori la mchanga. Hakuna hata moja lililotoka. “Njo yeye,” alisema. “Usiku. Mu usingizi.”

Chiara alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kati ya wanawake wawili asiowajua. Hakulia tena. Koko aliletwa akakaa chini, juu ya mkeka, ameegemea miguu yake. Na watu wakaendelea kukaa. Wageni wetu wengi hudhani kwamba kwenye kilio kuna jambo litafanyika. Hakuna. Mtu anafika, anasema pole, anakaa. Akiwa na kazi anaondoka, mwingine anashika kiti. Walikuja watu ambao siku nyingine wasingemwamkia Chiara barabarani. Fundi wa redio wa kona alikuja, akavua kofia, akakaa.

Mimi nilikuwa nasikia mpaka wa Ruzizi ukifungwa. Nilichuchumaa mbele yake na kumwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, ili kosa lolote lisiwe la lugha: gari liko nje, tukiondoka sasa utavuka, maziko ni Alhamisi asubuhi, baba anakungoja.

“Na hawa watu?” aliuliza.

“Watu gani?”

“Wamekuja kwa nonna. Hawamjui. Wamekuja kukaa kwa ajili yake.” Aliwatazama mmoja mmoja. “Niinuke niende?”

“Wende, mutoto,” Maman Régine alisema haraka. “Sisi tutakaa. Ata kama haupo tutakaa. Siku zote zenye zinaombwa tutakaa. Wende umuone nonna yako.”

Nilimshukuru moyoni. Chiara aliinuka kweli. Alichukua begi mkononi mwangu, akatembea mpaka karibu na lango, na dereva akawasha gari. Hapo akasimama. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anaingia, amebeba kiti chake mwenyewe kichwani, kwa sababu alisikia viti vimekwisha. Alishusha kiti, akamshika Chiara mkono, akasema pole, akakaa. Chiara aliweka begi chini. “Bado kidogo,” aliniambia, na akarudi kwenye kiti chake.

Nilimwambia tena. “Bado kidogo,” alisema. Niliporudi mara nyingine hakujibu, Koko alinijibu kwa fimbo, kwa kunionyesha kiti. Mara ya kwanza katika miaka yangu yote kwenye nyumba ile nilionyeshwa kiti. Sikukaa. Nilikwenda kusimama na dereva langoni, na tukasimama hivyo mpaka kukawa hakuna tena sababu ya kusimama.

Alfajiri nilimpeleka darajani. Alikuwa amevaa kitenge cha Maman Régine juu ya suruali yake. Upande wa pili aligeuka akapunga mkono, lakini nadhani hakuwa akinipungia mimi, alikuwa akiupungia mji. Alifika kwao Alhamisi mchana. Walikuwa wameshazika.

Baba yake alinipigia siku hiyohiyo. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. “Nilikuambia kitu kimoja tu,” alisema. Wakubwa wetu wa huko nje waliomba maelezo. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika. Mnanijua: nilitafuta kosa lilipo, kwa maana kosa likishapatikana mtu anaweza kulala. Nililitafuta kwenye lori la mchanga. Nililitafuta kwa Papa Déo, aliyemtaja Koko. Nililitafuta kwa Maman Régine, aliyetoa viti mapema mno kwa sababu hakutaka mtoto akute uwanja mtupu. Nilifikiri kama ningemwambia kule Nyangezi, kati ya mizani na vilio vya watoto, angeinuka na kwenda moja kwa moja, labda, na angelisafiri na jambo hilo peke yake kwenye basi, kwenye ndege, bila mtu mmoja aliyemshika mkono. Ningelipata kosa ningewaandikia hapa kwa herufi kubwa, msilirudie. Sikulipata. Simu ya namna hiyo itawajia nanyi, na hiki ndicho kitu pekee cha kazi yetu ambacho sina cha kuwafundisha.

Maman Régine alikaa siku zote, kama alivyoahidi. Nilipita pale kila jioni na kila jioni kulikuwa na watu uani, wachache, wakimlilia mwanamke wa kijiji ambacho hawakuweza kukitaja. Siku ya mwisho walipika, wakaomba, wakarudisha viti parokiani. Kwangu mimi hakuna aliyenipa pole, na ni sawa, sikufiwa. Nilikuwa mtu wa bureau.

Jumapili iliyofuata, mchana, nikiwa chumbani kwangu, Chiara alipiga. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema yuko jikoni kwa nonna. Watu walikuja kanisani, walikuwa wengi kidogo, wakanywa kahawa baada ya makaburi, wakaenda makwao kabla yeye hajafika. Baba yake hasemi naye. Amerudi mjini kazini. Nyumba ni yake peke yake mpaka watakapoamua cha kuifanya. Kaburi aliliona, lina maua. Nonna hakumwona.

“Umenikasirikia?” nikauliza.

“Sijui,” alisema. “Siku nyingine nawakasirikia wote. Siku nyingine nataka kurudi kukaa kwenye kile kiti.”

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu Alhamisi. Nikaanza: “Chiara, kwa upande wangu ningependa...”

“Usiseme kitu,” alisema. “Tafadhali. Kaa tu.”

Nikakaa kitandani. Nilisikia friji ya kwao ikinguruma, kisha ikinyamaza. Nilisikia kitu kama kijiko kikiwekwa juu ya meza. Yeye nadhani alisikia redio ya jirani yangu na watoto waliokuwa wakigombana nje ya mlango. Mara tatu nilitaka kusema, na mara tatu nilifunga mdomo, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko zote nilizowaandikia humu. Halafu mvua ikaanza kupiga mabati, kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka sikuweza tena kujua kama kinachosikika sikioni ni pumzi yake au ni mvua yangu mwenyewe inayonirudia. Huenda mtandao ulikuwa umeshakatika. Sikuitoa simu sikioni nitazame. Niliogopa kukuta skrini nyeusi, nikalazimika kuinuka.